Ekspo kwenye rimoti ya ndege: namba ndogo, alama yenye hila

Karibuni tena, watazamaji wapendwa. Rimoti hii ya ndege za modeli ni ya chaneli 8, yaani hutuma amri nane tofauti, na kwa kuwa mnajua kwamba hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 na kwamba vijiti vyake viwili huendesha throto (nguvu ya mota), eleroni (vibao vya mabawa vinavyoinamisha ndege upande), eleveta (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) na usukani wa mkia, hayo nitayaruka, kwa sababu kilichonifanya niwashe kamera ni menyu moja tu, nayo ni ya ekspo, yaani mpangilio unaobadilisha jinsi ndege inavyoitikia kijiti karibu na katikati.

Tazameni mkono wa servo ya eleveta, yaani mota ndogo inayokisogeza kibao hicho. Ekspo ikiwa sifuri, ninasukuma kijiti hadi nusu na mkono unakwenda nusu ya safari yake. Sasa ninaweka asilimia 30 na kusukuma nusu ileile, na mkono unaishia kwenye asilimia 39 hivi. Nikipandisha hadi 60, nusu ya kijiti inatoa asilimia 27 au 28 tu. Lakini angalieni ninapokisukuma hadi mwisho: servo inafika palepale ilipofika tulipoanza. Ekspo hulainisha katikati bila kugusa mwisho, ilhali swichi ya viwango, ambayo wengi huichanganya nayo, hupunguza safari nzima ya servo. Ukiiweka swichi hiyo asilimia 60, kijiti kikigonga ukingo unapata 60, basi. Siku upepo wa ubavuni utakapokuinulia bawa ukiwa karibu kugusa ardhi, ile 40 iliyokatwa utaitafuta. Ndiyo maana mimi huanza na ekspo ya 30 kwenye eleroni na eleveta, na swichi huigusa baadaye.

Sasa kero. Rimoti za Futaba huandika ekspo ya kulainisha kwa alama ya hasi, za Spektrum huiandika kwa chanya, na menyu ya rimoti hii haisemi neno lolote kuhusu jambo hilo. Mimi niliyezoea hasi nikaandika hasi 30, nikarusha, na ndege ya watu wapole ya kujifunzia ikageuka swala aliyekurupushwa: nikigusa kijiti kidogo tu, pua inaruka juu. Nilifanikiwa kuitua, ila gurudumu la mbele lilipinda.

Nilikuja hapa nikiwa nimejiandaa kuilaani, na nakiri kwamba hasira imepungua tangu nilipoutazama vizuri mchoro ulio kando ya namba. Huu hapa. Mstari ukilala katikati na kupanda kwa kasi pembeni, umelainisha. Ukisimama wima katikati, badilisha alama kabla hujawasha mota. Mchoro huo ningeuomba hata kwenye rimoti za bei ya chini za chaneli 6, ambazo nyingi zinayo ekspo hii hii na zingenipunguzia gharama, na kwa anayeanza sioni sababu ya kulipa zaidi.

Trimu, yaani vitufe vya kusogeza kidogo kituo cha katikati, haina mengi: ndege ikivuta upande mmoja, rekebisha kwanza urefu wa waya unaosukuma eleroni, ili trimu ibaki karibu na katikati.

Mmeniuliza sana kuhusu kinga ya mawimbi yanapokatika, na video ijayo itakuwa yake yote. Kwa leo, propela nimeshaifungua, ndege imefungwa mezani, throto iko robo. Ninazima rimoti. Moja, mbili… mota imenyamaza.