Panasonic DMR-ES15 na kanda za harusi: ni kiwango gani cha ubora kichaguliwe?

Panasonic DMR-ES15, mashine ya kurekodi DVD iliyotoka mwaka 2006, haina sehemu ya kutumbukizia kanda. Huunganishwa na deki yoyote ya VHS kwa nyaya za njano, nyekundu na nyeupe. Deki inacheza kanda, na mashine hii inairekodi kwenye diski. Nimeitumia kuhamishia kanda za harusi na maulidi za familia yetu hapa Tanga, na ninaipendekeza bila kusita kwa yeyote mwenye kanda zinazoharibika kabatini, mradi achague mwenyewe kiwango cha ubora kwa kuitazama kanda anayohamisha.

Viwango vya kudumu ni vinne: XP, ambacho hujaza diski kwa saa moja; SP, saa mbili; LP, saa nne; na EP, saa sita au nane. Diski ni ileile ya gigabaiti 4.7, kwa hiyo kadiri saa zinavyoongezwa ndivyo kila sekunde ya picha inavyopunguziwa nafasi. Kwa makadirio, XP hutumia megabiti 10 kwa sekunde, sauti ikiwemo. SP hutumia 5 na kidogo, LP hutumia 2.5, na EP ya saa nane hubaki na zaidi kidogo ya 1.

Wengi huamini kwamba, kwa kuwa picha ya VHS yenyewe ni hafifu, kiwango cha chini kinatosha. Ni kweli kwamba VHS hubeba takriban mistari 240 tu kwa upana, ambayo ni karibu nusu ya ile ambayo DVD inaweza kuonyesha, lakini hoja hiyo inasahau chenga, yaani vidoadoa vinavyorukaruka kwenye picha. Mashine hupunguza ukubwa wa picha kwa kulinganisha fremu moja (picha moja tuli kati ya zile zinazounda video) na inayofuata na kuhifadhi hasa kile kilichobadilika. Chenga hubadilika katika kila fremu, nayo mashine haiwezi kutofautisha chenga na uso wa bibi harusi, hivyo hutumia sehemu kubwa ya nafasi yake kuhifadhi takataka. Ndiyo maana kanda mbovu, iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala nyingine na kukaa miaka mingi katika unyevu wa pwani, inahitaji kiwango cha juu kuliko kanda safi. Watu wengi hufanya kinyume: kanda safi huipa XP, na ile mbovu huitupia LP kwa kudhani kwamba haina tena cha kupoteza.

Kipimo ninachokiamini ni kanga. Katika kanda moja mpiga picha anapitisha kamera polepole mbele ya akina mama walioketi mkekani, wote wamejifunga sare. Kwa SP, maua ya kanga yanabaki maua wakati kamera inatembea, na inaposimama karibu jina la kanga linasomeka. Kwa LP, kitambaa chote hugawanyika kuwa miraba midogo mara tu kamera inapoanza kusogea, na kamera ikisimama maua hurudi baada ya kitambo kidogo, kana kwamba yamechorwa upya. Kwa EP jina halisomeki kabisa. Sehemu ya ngoma, yenye watu wengi wanaocheza chini ya taa moja kali huku pembeni kukiwa giza, ni ngumu zaidi, na hiyo huipa XP bila kubishana.

Hapa kuna jambo la muundo ambalo silipendi. Mashine nyingi za wakati ule, zikiwekwa LP, hupunguza upana wa picha hadi nukta 352 (pikseli), lakini Panasonic hubakiza upana kamili na kuutangaza kuwa ni ubora. Kwa kanda za VHS nauona ni udhaifu, kwa sababu data zilezile chache hutandazwa juu ya nukta mara mbili, wakati kanda yenyewe haina cha kujaza upana huo.

Kinachoikomboa mashine ni menyu ya FR (Flexible Recording), yaani kurekodi kwa kiwango kinachobadilika. Katika menyu hiyo unataja urefu wa kanda, nayo hupiga hesabu na kujaza diski nzima kwa ubora wa juu unaowezekana. Kanda ya E-180 ina saa tatu, na ukiilazimisha iingie katika diski moja utapata takriban megabiti 3.5, kiasi ambacho kwa harusi ni kidogo. Igawe katika diski mbili za saa moja na nusu, na kila moja itapata karibu 7. Diski tupu ni bei nafuu kuliko kurudia kazi yote, na kanda nyingine hazitavumilia kuchezwa tena.

Kuhusu sauti, XP inaruhusu LPCM, yaani sauti isiyobanwa, ambayo hula megabiti 1.5 za picha. Kama deki yako ni ya mono (sauti ya njia moja), chagua Dolby Digital, ambayo ni sauti iliyobanwa.

Sifa kubwa ya DMR-ES15 ni jinsi inavyonyoosha picha inayopinda juu au kuyumba kingo kwa sababu ya kanda kuvutika. Wapo wanaoinunua kwa kazi hiyo peke yake, wakiipitisha picha ndani yake kwenda kwenye kompyuta.

Kabla ya kuanza, rekodi dakika zilezile chache zenye watu wanaosogea kwa XP, SP na LP katika DVD-RW au DVD-RAM inayofutika, kisha zitazame kwenye televisheni kubwa kuliko zote nyumbani. Ukimaliza diski halisi ya DVD-R, usisahau kuifunga kwa menyu ya mashine (“finalize”), la sivyo mashine nyingine nyingi hazitaicheza.

Mashine hii haitengenezwi tena, hivyo utaipata kwa mtumba tu. Tafuta ya Uingereza, ambayo ni ya PAL, mfumo wa picha wa televisheni unaotumika kwetu, na plagi yake huingia kwenye soketi zetu. Ya Marekani ni ya NTSC, mfumo tofauti, na haitakufaa. Hakikisha pia inauzwa pamoja na rimoti yake, kwa sababu menyu ya FR hufunguliwa kwa rimoti.