Spika za mtindo wa zamani: bei yake ni halali?

Klipschorn, spika za pembe (sauti hutokea kwenye mdomo unaopanuka kama tarumbeta) alizozianzisha Paul Klipsch huko Marekani mwaka 1946, bado zinaundwa, na mimi natetea bei yake. Piga rekodi ya ngoma usikilize: kofi la mkono juu ya ngozi linafika kwanza, kavu na wazi, kisha ndipo mvumo unafuata. Siri ni pembe ya besi iliyokunjwa ndani ya kabati, inayotumia kona ya chumba kama mwendelezo wake. Umeme kidogo tu unasukuma hewa nyingi, hivyo ampilifaya (mashine inayoipa spika nguvu) ya wati chache inajaza sebule bila kuhema. Spika ndogo za kisasa haziwezi kukupa wepesi ule. Mbao nazo si haba, wala kazi ya fundi.

LS3/5a, spika ndogo ya zamani, ni habari nyingine. BBC waliibuni kwa ajili ya sehemu finyu kama magari ya matangazo, na kwa sauti ya mtu ni tamu mno. Hata pumzi kabla ya neno unaisikia. Lakini besi ni haba, na inadai ampilifaya yenye nguvu. Spika za kisasa zenye ampilifaya ndani na programu ya kusawazisha sauti hutoa besi nzito zaidi kwa pesa kidogo. Hapo unalipia jina. Kama si msikilizaji wa mazungumzo na gitaa tupu, nunua za kisasa, salio litie kwenye zulia na mapazia mazito, maana kuta tupu huharibu spika yoyote.