Uzoefu wangu na "Binti", riwaya ya Nnedi Okorafor

Kilichonivuta kwanza ni jina. Nilikuwa natafuta kitabu cha kumpa mdogo wangu wa kike aliyekuwa anasubiri kwenda chuo mkoa wa mbali, nikaona jalada la msichana anayejipaka udongo mwekundu usoni, na juu yake neno letu hili hili: Binti. Nikanunua. Usiku huo nikakimaliza mimi kabla yake, maana ni kifupi.

Mwandishi ni Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na kitabu kilitoka mwaka 2015, kikashinda Nebula na Hugo, tuzo kubwa za hadithi za kubuni za kisayansi. Binti ni msichana wa kabila la Wahimba, wa Namibia ya siku zijazo, ana miaka 16, na hesabu kwake ni kama pumzi. Amepata nafasi Oomza, chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine. Hakuna Mhimba aliyewahi kufika huko, kwa sababu watu wake hawaiachi ardhi yao. Anatoroka gizani bila kuaga, na hadithi inaanza akiwa anawasha chombo cha kubebea mizigo yake huku anaomba kimoyomoyo kiwake.

Hapo ndipo nilipompenda. Anaogopa kweli kweli. Kituoni watu wa kabila lenye nguvu wanamvuta misuko na kuinusa, na yeye ananyamaza. Hawajui kwamba misuko ile imesukwa kwa mpangilio wa hesabu unaobeba historia ya ukoo wake. Baadaye chombo cha anga kinachompeleka Oomza kinavamiwa na viumbe waitwao Meduse, na karibu wote waliomo wanauawa. Binti anajifungia chumbani peke yake. Anaomba, kisha anafuata milinganyo kichwani mpaka hofu inashuka, na anaanza kufikiri. Ujasiri wake unakua hivyo, kidogo kidogo, mpaka anathubutu kusimama katikati ya maadui wawili na kuwapatanisha.

Na ule udongo mwekundu anaojipaka mwilini na kwenye misuko, otjize, aliochekewa pale kituoni? Sitamaliza utamu, ila jueni kwamba kile alichoambiwa kinanuka ndicho kinachomwokoa. Mdogo wangu alikuwa ameyatoa mafuta ya nazi ya bibi kwenye begi lake, akihofia wenzake wa bwenini watalalamikia harufu. Alipofika sehemu hiyo ya kitabu aliyarudisha, na hakuniambia kitu. Niliyaona tu wakati namsaidia kufunga begi.

Kasoro ipo, tena inaniuma. Mwisho umekimbizwa. Wanafunzi wengi wameuawa, akiwemo kijana ambaye Binti alikuwa ameanza kuvutiwa naye, halafu makubaliano yanafikiwa haraka mno. Nilitaka msiba ule upewe nafasi yake, watu walie. Pia damu ni nyingi kwa mtoto wa shule ya msingi. Mimi ningempa aliye sekondari na kuendelea. Kiingereza chake si kigumu, isipokuwa majina ya vifaa yatakusumbua kurasa za mwanzo.

Hadithi inaendelea katika vitabu viwili, cha 2017 na cha 2018, na humo anarudi nyumbani kukabiliana na familia aliyoiacha bila kuaga. Ukiweza, nunua toleo la 2019 lenye vyote pamoja. Mimi nilinunua kimoja kimoja, na kungoja kile cha pili kulinitesa.