Seti ya supakondakta kwa maabara za shule: inafaa Mwanza, ila tafuta mita nyingine

Seti hii ina kisahani cha YBCO (kauri ya supakondakta, yaani hupoteza ukinzani wa umeme ikipozwa sana), sumaku ndogo, nyaya za kupimia na mita. Shule ya Mwanza isiyo na njia ya uhakika ya kupata naitrojeni ya kimiminika ya kukipoza kisahani isiinunue. Naitrojeni yenyewe ni ileile inayotunza mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe, kwa hiyo anza kwa afisa mifugo. Usizibe chupa yake, wala usiisafirishe kwenye gari lililofungwa vioo: lita 1 hugeuka gesi ya lita 700 hivi na kufukuza hewa ya kupumua. Badala ya bakuli la seti, kata kipande cha boksi jeupe la minofu ya sangara, lisilo na ufa.

Sumaku kuelea juu ya kisahani kilichopozwa ni jambo la dakika 5. Utamu uko kwenye kupima ukinzani kwa nyaya 4, mbili za mkondo na mbili za volteji, hadi ukinzani upotee kabisa karibu na kelvini 92 (nyuzi −181 za Selsiasi). Hapo mita ya seti inaangusha kazi. Inasoma hatua za milivolti 0.1, ilhali thamokapo ya aina ya T (jozi ya nyaya zinazopima joto kwa volteji) kwenye baridi hiyo hubadilika mikrovolti 16 hivi kwa digrii. Kila hatua ya mita inameza digrii 6. Tafuta inayosoma milivolti 0.01. Kiungo cha pili cha thamokapo kikae kwenye maji ya barafu, na barafu ya wavuvi inatosha. Ndani ya naitrojeni utasoma milivolti −5.54, ukiona −6.6, kiungo hicho kimeachwa kwenye joto la chumba. Pima pia mkondo ukiwa umegeuzwa, la sivyo volteji itokanayo na tofauti ya joto kwenye nyaya itakuonyesha ukinzani usiokuwepo.

Unyevu wa ziwa ndio adui mkubwa. Kisahani kikitolewa baridini hulowa umande, na maji huivunja YBCO kidogo kidogo. Kikaushe papo hapo kwa draya ya saluni, kisha kifungie kwenye kopo lenye vifuko vya kufyonza unyevu. Seti haina hata kifuko kimoja, na hilo ni kosa kubwa.

Zoezi la mwisho la kijitabu, la kuwasha na kuzima supakondakta kwa volteji, liruke. Jambo lenyewe ni la kweli: mwaka 2008 lilionyeshwa kwenye mpaka wa fuwele mbili za oksidi, LaAlO3 na SrTiO3, chini ya kelvini 1. Lakini volteji ya nje huishia takriban nanomita 1 ndani ya YBCO, kwa kuwa chaji zake ni nyingi na huikinga. Kisahani hiki kina unene wa milimita kadhaa.