Gemu za mafumbo za kucheza wawili: ipi ununue kwanza

Kabla hujatoa pesa, jiulize mwenzako atakaa wapi. Kama mtakaa kochi moja mbele ya televisheni moja, gemu zinazokufaa si zile za mtu aliye Mombasa na rafiki yake yuko Mwanza. Wengi hununua kwa kutazama picha na sifa, kisha wakifika nyumbani wanakuta gemu inadai nakala mbili, au haichezeki mtandaoni kabisa. Hapo bei waliyoiona dukani inakuwa nusu tu ya gharama.

Kigezo changu kingine ni fumbo lenyewe. Fumbo zuri la wawili ni lile ambalo bingwa hawezi kulimaliza peke yake, kwa sababu nusu ya jibu iko kwa mwenzake. Zipo gemu nyingi ambazo mchezaji wa pili kazi yake ni kusubiri na kufuata nyuma. Hizo sikuziweka hapa.

1. Portal 2

Ilitoka Aprili 2011 na bado naiweka mbele ya zote. Valve, watengenezaji wake, hawakuichukua hadithi ya mchezaji mmoja wakamchomeka mtu wa pili. Walijenga vyumba vingine kabisa kwa ajili ya roboti wawili, ATLAS na P-body, wakavipanga katika kozi tano, na Oktoba mwaka huohuo wakaongeza nyingine bure. Kila roboti ana bunduki inayofungua milango miwili ukutani: ukiingia huu, unatokea ule. Wachezaji wawili, milango minne.

Chukua vyumba vya daraja la mwanga. Daraja linatoka ukutani na kunyooka mpaka ligonge kitu. Nikiweka mlango mmoja pale linapogonga na mwingine pembeni ya shimo, linatokea huko na mwenzangu anapita juu yake. Shida ni kwamba ng'ambo kuna mtambo wa risasi unaomsubiri, na daraja hilohilo likisimamishwa mbele yake linakuwa ngao. Nikilihamisha mapema, anadondoka shimoni. Nikichelewa, anapigwa. Kwa hiyo lazima mzungumze, na gemu inawasaidia: kuna kitufe cha kumwonyesha mwenzako mahali hasa pa kulenga, na kuna saa ya kuhesabu kurudi nyuma ili mfanye jambo kwa wakati mmoja. Kufa hakuna adhabu, roboti anaundwa upya papo hapo, kwa hiyo mnathubutu kujaribu mambo ya ajabu.

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanaiuza dola 9.99, na msimu wa ofa hushuka sana. Laptopu ya miaka mingi inaiendesha bila shida. Mkiwa pamoja, nakala moja inatosha: skrini inagawanywa, mmoja anashika pedi ya kuchezea gemu, mwingine kibodi. Mkiwa mbalimbali, kila mtu anunue yake. Angalizo moja tu: asiyezoea gemu za kutazama kwa macho ya mhusika atahangaika mwanzoni. Mvumilie, usimnyang'anye pedi.

2. Keep Talking and Nobody Explodes

Kama hamna kompyuta, anzeni na hii. Inapatikana pia kwenye simu za Android na iPhone, inanunuliwa nakala moja tu, na ikishapakuliwa haihitaji bando. Mmoja anaona bomu kwenye skrini. Wengine hawaruhusiwi kuliona. Wao wana kitabu cha maelekezo cha kurasa 23, ambacho watengenezaji, Steel Crate Games wa Kanada, wamekiweka mtandaoni bure. Kichapishe kwenye duka la steshenari, kibane pini, kazi imekwisha.

Mwenye bomu anasema, "Nina waya tatu." Mwenye kitabu anasoma: kama hakuna nyekundu, kata ya pili, kama ya mwisho ni nyeupe, kata hiyohiyo ya mwisho, kama za bluu ni zaidi ya moja, kata ya bluu ya mwisho. Inaonekana rahisi mpaka uifanye saa inahesabu na watu watatu wanasema kwa pamoja. Ukikosea, saa inaongeza kasi.

Kitabu ni cha Kiingereza, lakini msomaji mmoja anayekielewa anatosha, naye anawaeleza wenzake kwa Kiswahili. Kuna sehemu moja ya bomu itakayowasumbua: ile ya maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti, kama YOUR, YOU'RE na UR. Kubalianeni mapema kwamba hapo mnataja herufi mojamoja. Kwa sherehe ya nyumbani, ndugu wamejaa sebuleni, hakuna gemu katika orodha hii inayoifikia. Iko nafasi ya pili kwa sababu mkishayazoea mabomu yake, utamu unapungua.

3. It Takes Two

Hazelight wa Uswidi waliitoa Machi 2021, na mwaka huohuo ikatwaa tuzo kuu ya The Game Awards. Haina kabisa sehemu ya kucheza peke yako. Mke na mume walio mbioni kuachana wanageuka wanasesere, na kila sura inawapa vifaa vipya. Kwenye banda la vifaa, mume, Cody, anarusha misumari ukutani na mke, May, anaitumia nyundo yake kuning'inia humo na kuruka ng'ambo.

Bei ya kawaida ni dola 39.99, lakini mnunuzi ni mmoja tu. Mwenzako anapakua bure toleo la rafiki na mnacheza mtandaoni mwanzo hadi mwisho, ilimradi wote muwe na mashine za jamii moja. Mkichangia, ni dola 20 kila mtu, na inajaza saa zaidi ya kumi. Kilichoishusha kwangu ni kwamba mafumbo ni mepesi. Pia ni nzito kuipakua, kwa hiyo tafuta intaneti isiyopimwa kwa bando. Wazazi wajue kwamba hadithi ni ya talaka, na mtoto wa kwenye gemu analia kweli.

4. We Were Here

Mmoja amefungiwa maktaba, mwingine anazunguka vyumba vya kasri, na kinachowaunganisha ni redio ya upepo ambayo mtu mmoja tu husema kwa wakati. Sehemu ya kwanza, ya 2017, ni bure Steam, kwa hiyo ipakueni hata leo. Zinazofuata zinalipiwa, kila mtu nakala yake, na haziendi bila maikrofoni nzuri wala mashine mbili.

5. Unravel Two

Vikaragosi viwili vya uzi vilivyofungwa pamoja. Inachezwa kochini tu, haina mtandaoni. Inamfaa sana mzazi na mtoto mdogo, kwa sababu aliyekwama anaweza kubebwa na mwenzake.

Ukinunua Steam, unaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa hizo usizitumie peke yako: mpigie mwenzako, jaribuni sauti, pedi na muunganisho, mpite vyumba vichache pamoja.