OR-Tools kwa wasambazaji wa Kampala: bure, ila pima adhabu ya kuruka mteja kabla ya kuiamini

Msambazaji mwenye magari matano hadi thelathini aijaribu OR-Tools ya Google kabla ya kulipia programu nyingine yoyote. Ni programu huria, leseni yake Apache 2.0, haidai ada kwa kila gari, na anayejua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, anaiweka kwa amri moja ya pip, kisakinishi chake. Sehemu inayomhusu ni maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa) ya kupanga njia: unaipa vituo, magari, ujazo wa kila gari na saa za kila duka, nayo inagawa kazi.

Ramani haina. Jedwali la muda wa safari unalileta mwenyewe, na njia nafuu ni kuweka OSRM, programu huria ya kukokotoa safari za barabarani, kwenye kompyuta yako ikiwa na data ya Uganda kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. OSRM inataka longitudo kwanza, halafu latitudo. Ukizigeuza, Kampala inahamia jangwa la Algeria, na OSRM hailalamiki. Inavuta kila kituo hadi barabara iliyo karibu zaidi ndani ya ramani yake. Jedwali likirudi na sifuri nyingi, anza kukagua hapo. Vituo vikizidi 100 itakataa hadi upandishe kikomo chake unapoiwasha. Foleni nayo haiijui: kwake Jinja Road kuelekea Bweyogerere jioni ni sawa na usiku wa manane. Linganisha na rekodi za GPS za magari yako, kisha tengeneza jedwali la asubuhi na la mchana.

Kila kitu kiwe sekunde kamili, bila desimali. Ongeza muda wa kushusha kreti na kutoa risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kodi wa Uganda) kwenye kila kituo, la sivyo ratiba itapendeza kwenye karatasi tu. Na kagua saa zilizojazwa na karani: akiandika "saa 2" akimaanisha asubuhi, programu inasoma saa nane za usiku. Ni kosa dogo la kuchekesha, lakini linaangusha mpango mzima.

Mpango ukishindikana, OR-Tools inarudisha None, yaani "hakuna", basi, bila neno la kwa nini. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Ondoa saa za maduka kwanza, kisha ujazo, kimoja kimoja, hadi ujue kinachokaba. Mara nyingi ni muda wa kusubiri ulioachwa sifuri: duka la Ntinda linafungua saa tatu, gari lingefika saa mbili na dakika arobaini, na haliruhusiwi kusimama nje. Ruhusu kusubiri hadi sekunde 1800. Ukichagua utafutaji wa GUIDED_LOCAL_SEARCH, weka pia kikomo cha muda, maana hausimami wenyewe. Kwa vituo 80 anza na sekunde 30, jaribu 120; gharama isiposhuka, rudi 30.

Sasa adhabu, ambayo wengi wanaipita haraka. Amri ya AddDisjunction inairuhusu programu kuruka kituo kwa kulipa adhabu, na adhabu hiyo iko kwenye kipimo kilekile cha gharama ya safari. Ukipanga kwa sekunde na ukaandika 1000, umesema: mteja anayeongeza zaidi ya dakika 16 na ushee aachwe. Adhabu ikiwa moja kwa wote, siku ya mzigo mwingi anayeachwa ni wa Gayaza, mbali nje ya jiji, kesho ni yeye tena, na wiki nzima hakuna ofisini aliyeamua hivyo. Dawa ni kuzidisha adhabu ya kila aliyerukwa jana, mara tatu au nne, hadi apelekewe.

Madereva nao wana lao. Programu inapunguza jumla ya muda, haijali nani kachoka; itampa mmoja vituo 14 na mwingine vitatu. Wakilipwa kwa kituo, huo ni mshahara unaogawanywa na hesabu. Amri ya SetGlobalSpanCostCoefficient, kwa kuanzia 100, inabana njia ndefu kuliko zote. Jumla ya mafuta itapanda kidogo, na inastahili.

Majina na namba za simu hazina kazi ndani ya hesabu, tumia namba za vituo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inampa mtu haki ya kukataa uamuzi unaomgusa sana ukifanywa na mashine peke yake, kwa hiyo msimamizi awe na ruhusa ya kubadili njia kabla magari hayajatoka. Kila asubuhi hifadhi faili moja: jedwali, adhabu, toleo la maktaba na alichobadilisha msimamizi. Mwenye duka wa Gayaza akipiga simu kuuliza kwa nini alirukwa Jumanne, jibu liko humo.