Zumaridi ndani ya mwamba wake, kwa mzee wa mawe Arusha

Mimi nakusanya mawe ila siyo ya pete, nataka zumaridi ikiwa bado imeshikwa na mwamba wake vilevile ilivyotoka ardhini, na ukiwaambia hivyo mabroka wengi wanakuletea iliyosafishwa tayari kwenda kukatwa. Sasa kuna mzee ana kiduka kidogo hapa Arusha, ana vipande vya zamani vya Manyara, enzi zile za miaka ya 1970, wiki iliyopita nikachukua kimoja kwa laki tatu na nusu.

Kinaenea kiganjani. Mwamba wake ni mika nyeusi, madini ya tabaka nyembamba zinazobanduka, inayong'aa kama magamba ya samaki, ukiigusa tu kidole kinabaki na vumbi linalometameta, halafu katikati imechomoza fuwele ya zumaridi ya pembe sita, kijani kizito, nene kama kalamu. Kichwa kimevunjika. Mzee hata hakusubiri niulize, "hapa pamevunjika mwanangu, ndo maana bei iko hivi."

Hapo ndo aliponishika, maana mwaka juzi nililizwa na broka mmoja, kaniuzia fuwele iliyobandikwa kwa gundi na unga wa mika, nikaja kugundua usiku nilipoimulika na tochi ya UV (ile ya mwanga wa urujuanimno, unaofanya gundi nyingi ziwake), mstari wa gundi ukawaka buluu kuzunguka jiwe lote. Iliniuma sana. Kwa hiyo safari hii nilienda na tochi na lenzi yangu, na mzee mwenyewe ndo akazima taa! Hakuna kilichowaka. Kwenye lenzi nikaona vipande vya mika vimeingia hadi ndani ya fuwele, yaani vilikua pamoja huko huko ardhini.

Kwenye boksi kuna kikaratasi cha taipu, "Manyara 1974", kimekuwa cha njano. Msikitupe kitu kama hicho jamani, jiwe la zamani bila kikaratasi chake unabaki kuamini mdomo wa muuzaji.

Ila ufungaji ndo sijaupenda, ametumia pamba na pamba inanasa kwenye mika, kuitoa tu nimebandua magamba kadhaa, mwambieni atumie karatasi laini.

Anacho pia kipande cha Kolombia, cha Muzo, zumaridi ndogo juu ya kalsaiti nyeupe, yaani madini ya jamii ya chokaa. Hicho ukikinunua usije ukakisafisha na siki wala ndimu, kalsaiti inachemka na kuliwa. Nimemwomba aniwekee mpaka mwisho wa mwezi, kakubali bila hata kuchukua kishika uchumba.